Miezi tisa ni taarifa ya kutosha, usimpokee mtoto kwa deni la magoma

Leo naacha viwavijeshi pembeni. Nataka tuzungumze kuhusu mtoto anayekuja: hela yake, karatasi zake, na shamba ambalo mama yake hataweza kulilima kwa muda.

Kuna atakayeuliza bibi shamba na uzazi wapi na wapi. Mimi uzazi nauona shambani kabla sijausikia kwa watu. Nikipita Januari nikakuta mahindi yamekuwa ya njano, magugu yamefika kiunoni wakati majirani wanapalilia mara ya pili, siulizi kwanza ni mbegu gani imepandwa. Nauliza mama yuko wapi. Mara nyingi naambiwa amejifungua wiki mbili zilizopita. Nikiuliza mbolea ya kukuzia, naambiwa mfuko umeuzwa kwa jirani ili kupata nauli ya hospitali. Hapo mavuno ya Juni yameshaondoka, na mtoto hata arobaini yake haijafika.

Maoni yangu ni haya. Katika gharama zote za kaya ya mkulima, hakuna inayopiga hodi mapema kama mtoto. Mvua haikuambii, bei haikuambii, malaria haikuambii. Mimba inakupa miezi kadhaa, tena kliniki wanakuandikia na tarehe ya matarajio kwenye kadi. Pamoja na hayo, kaya nyingi huku Ruvuma zinampokea mtoto kama watu waliovamiwa. Mimba ikifika mwezi wa nane baba anakwenda kwa mfanyabiashara, anachukua laki moja, anaahidi kulipa kwa kahawa au mahindi ambayo bado yako shambani. Mbinga tunaita magoma. Wenzetu wa Kagera wana butura yao, na huko kwenye korosho kuna kangomba, ndugu yake wa karibu. Mimi nasema kwa ajili ya mtoto, magoma hayana sababu.

Tupige hesabu kwa mfano. Hizi ni namba za mfano tu, wewe weka za kijijini kwako. Umekopa shilingi 100,000 Januari, mmekubaliana ulipe magunia 3 ya mahindi Juni. Ukivuna, gunia likawa shilingi 60,000. Umelipa shilingi 180,000 kwa kukaa na laki moja miezi mitano. Hiyo ni 80,000 juu ya kila 100,000, na kama gunia ni lumbesa, ongeza tena. Sasa tuseme mwaka jana ulipovuna ulitenga magunia 2 ukayahifadhi vizuri. Januari mahindi huku huwa na bei kuliko Juni, kwa hiyo magunia hayo mawili yangekupa ile laki moja na chenji juu. Mbili badala ya tatu, na hudaiwi na mtu.

Ndiyo maana nawaambia watu wajenge mazoea ya kutenga gunia la mtoto. Kaya ikijua kuna mimba, au hata inapofikiria tu kupata mtoto, magunia mawili au matatu yawekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, yafungwe vizuri, na baba na mama wote wajue kwamba hayauzwi kwa ajili ya sare, ngoma wala salio la simu. Wasio na mahindi ya ziada watumie kuku au mbuzi mmoja aliyetajwa jina. Hela taslimu ndani ya nyumba ina miguu, tunajuana. Na wale mnaosubiri malipo ya AMCOS, msiyapangie kwenye wiki ya kujifungua. Hela ya ushirika inakuja, lakini haiji kwa tarehe ya kliniki.

Kazi ya kwanza basi ni kuchukua ile kadi ya kliniki na kuiweka sambamba na kalenda ya shamba. Hapa ndipo mimi naingia. Tarehe ikiangukia Januari au Februari, maana yake palizi itakosa mikono miwili, na huenda minne kwa sababu baba naye atakuwa njiani kwenda na kurudi hospitalini. Mahindi yanaumia zaidi magugu yakiyasumbua kati ya wiki ya pili na ya sita baada ya kuota, na ukichelewa hapo mbolea uliyonunua inalisha magugu. Kwa kaya kama hiyo ushauri wangu ni mgumu kuupokea lakini nautoa: punguzeni ekari mwaka huo. Ekari moja iliyopaliliwa kwa wakati itawapa chakula kuliko ekari mbili na nusu zilizoachwa. Hela mliyookoa kwenye mbegu na mbolea ya eneo lile lingine iwe ya kibarua wa palizi, na mwongee naye Novemba, msimtafute Januari wakati kila mtu anamtafuta.

Tarehe ikiangukia Juni au Julai, tatizo ni lingine. Mavuno yapo na hela ipo, lakini hakuna mwenye nafasi. Mama anaonekana uwanjani anapukuchua mahindi akiwa na wiki tatu tangu ajifungue, na karatasi zote za mtoto zinasahaulika mpaka msimu uishe. Nitazirudia hizo karatasi.

Na kitu kimoja ambacho ni cha fani yangu kabisa: mama mjamzito au anayenyonyesha asichanganye dawa ya magugu wala ya wadudu, asipulizie, na asifue nguo za aliyepulizia. Baba, nguo zako za bomba zifue mwenyewe.

Tuje kwenye matumizi yenyewe. Sera yetu ya afya inasema huduma za mama mjamzito na za mtoto wa chini ya miaka 5 hazilipiwi kwenye vituo vya serikali. Ukidaiwa hela ya huduma, uliza kwa heshima ni ya nini na uombe stakabadhi. Lakini bure ya kwenye sera haibebi kila kitu. Kuna glavu, pamba na vifaa vingine ambavyo unaweza kuambiwa uje navyo, kuna kanga, kuna beseni, kuna dawa isiyokuwepo dirishani. Juu ya yote kuna usafiri, na kwa vijiji vyetu hiyo ndiyo gharama inayoua. Pikipiki ya saa nane usiku si bei ya saa nane mchana, na mama mwenye uchungu anayepelekwa kutoka zahanati kwenda hospitali anaweza kuhitaji gari. Uliza kliniki mapema: kama nitapewa rufaa, nitakwenda wapi, na kwa usafiri gani? Ukishajibiwa ongea na mwenye gari au bodaboda kabla, mpatane bei mchana, chukua namba yake. Kama mganga amekwambia hii mimba ni ya kujifungulia hospitali, usibaki kijijini mpaka uchungu uanze. Chakula cha ndugu atakayekaa naye huko nacho ni hela, kiandike.

Bima nitaigusa kwa ufupi kwa sababu utaratibu unabadilika. CHF iliyoboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023 na inaleta mpangilio mpya, kwa hiyo ulizia kituoni kwako kiwango cha sasa usije ukaenda na hela ya mwaka juzi. Chochote utakachojiunga nacho, mtoto haingii kwa kuwa tu amezaliwa nyumbani kwako. Lazima aandikishwe. Nimeona kaya zenye kadi halali na mtoto hayumo.

Sasa karatasi. Hapa naomba uvumilivu wako kwa sababu ndipo watu wanapoteza hela nyingi bila kujua.

Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi au mlezi ahakikishe mtoto amesajiliwa. Zamani cheti kilikuwa safari ya wilayani, na wengi wenu mliacha kwa sababu ya nauli. Tangu mwaka 2013 RITA ilianzisha mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka 5, ulianzia Mbeya na ukaendelea mikoani, na kwa mpango huo cheti kinatolewa bure kwenye ofisi ya kata na kwenye vituo vya afya vinavyosajili. Nairudia kwa wale wanaosoma harakaharaka: bure, kwenye kata. Mtoto akipita miaka 5, unarudi kwenye utaratibu wa kawaida, wenye ada, ushahidi zaidi na safari.

Ukitoka hospitalini usiondoke bila tangazo la kizazi, ile karatasi inayoonyesha mtoto amezaliwa hapo, lini na nani. Aliyejifungulia nyumbani au njiani aripoti kwa mtendaji wa kijiji mapema, na ampeleke mtoto kliniki akapate kadi na chanjo zake za mwanzo. Halafu linganisha majina. Jina la mtoto kwenye kadi ya kliniki, kwenye tangazo na kwenye cheti liwe moja, herufi kwa herufi. Majina ya wazazi yafanane na yaliyo kwenye vitambulisho vya NIDA. Kwetu mtu mmoja anaitwa jina la ubatizo kanisani, jina la babu nyumbani, na shuleni mwalimu anaandika alivyosikia. Mariamu anakuwa Maria, Maria anakuwa Mary. Siku hiyo hakuna anayejali. Miaka 18 baadaye kijana anaomba kitambulisho cha taifa, au amefaulu anaomba mkopo wa elimu ya juu, ambao unadai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Hapo ndipo familia inaanza kuzunguka: kiapo kwa wakili, nauli ya wilayani, nauli ya kurudi, na tarehe ya mwisho ya maombi inasogea. Mbuzi wanauzwa kwa herufi moja.

Mkubaliane jina kabla ya mtoto kuzaliwa, mliandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa, majina matatu kwa mpangilio mnaoutaka, na mama aende nayo hospitalini kwenye mkoba pamoja na namba za NIDA. Nesi wa zamu ya usiku ana kina mama wanne, ataandika atakachosikia. Cheti ukikabidhiwa, kisome pale pale dirishani kabla hujasema asante. Kosa la leo linarekebishwa na aliyekuandikia, la mwaka 2040 halina mwenyewe.

Kuna kina mama mnaosubiri baba wa mtoto arudi kutoka machimboni au Dar es Salaam ndipo mwende kwenye cheti. Msisubiri. Baba kutokuwepo si sababu ya mtoto kukosa cheti. Nenda, eleza hali yako, uelekezwe taarifa zake zinavyojazwa. Na ninyi kina baba mnaokataa kutoa namba ya NIDA kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani, mnamwadhibu mtu asiyekuwa na meno.

Cheti kikipatikana, toa nakala mbili. Moja ikae kwa bibi au kwa ndugu mwenye nyumba ya bati, maana moto wa nyasi hauchagui karatasi. Kadi ya kliniki nayo itunzeni, chanjo zina ratiba: za kuzaliwa, halafu wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Hizo za miezi 9 na 18 ndizo zinazosahaulika zaidi kwa sababu mtoto ameshanenepa na shamba linaita. Ziandikeni ukutani pamoja na tarehe za kupanda.

Kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF, mtoto mpya aingizwe kwenye taarifa za kaya. Ruzuku yenye masharti inamtazama mtoto anayepelekwa kliniki, na mtoto ambaye hajaandikwa haonekani. Mwambieni mwenyekiti wa kamati ya kijiji mara cheti kinapopatikana, msingoje siku ya malipo. NSSF nayo inapokea aliyejiajiri, mkulima na muuza duka, na kati ya mafao yake limo la uzazi. Ila lina masharti ya muda wa kuchangia, kwa hiyo si kitu cha kukimbilia mimba ikiwa ya miezi saba. Ni la kijana anayeanza maisha leo.

Sasa jambo linaloniudhi. Mimi ni mtumishi. Nikijifungua, ninapewa likizo ya siku 84, au 100 wakiwa mapacha, na mshahara unaingia. Mkulima mwenzangu anayelima kunishinda hana wa kumsainia likizo, na mara nyingi anayemnyima ni mtu wa nyumbani kwake. Mama mkwe anasema sisi tulizaa asubuhi tukalima jioni. Bibi, shikamoo, lakini wengine mliozaa nao hawapo hapa kusimulia. Wiki sita za kwanza mama anahitaji kupona na kunyonyesha, na kituo cha afya kinataka kumwona ndani ya siku hizo 42. Naomba mzihesabu kama gharama ya kilimo: vibarua wa siku hizo waandikwe kwenye daftari lile lile mnaloandika mbegu na mbolea. Zisipoandikwa zinalipwa na mgongo wa mama, na baadaye na dawa.

Vikundi vya hisa vinaweza kusaidia hapa kuliko mtu mwingine yeyote. Karibu kila kikundi ninachokijua kina mfuko wa jamii. Ukisoma katiba zao, msiba umeandikwa vizuri: mzazi kiasi hiki, mtoto kiasi hiki, mwenza kiasi hiki. Uzazi haumo, au umeandikwa sabuni na kanga. Sikatai kuzikana. Lakini mzazi mpya ni mwanachama aliye hai ambaye wiki mbili zijazo atauza mbolea yake ili apate hela, na akikosa mavuno atashindwa kurejesha mkopo wa kikundi hicho hicho. Katika mkutano wenu ujao pendekezeni kipengele cha uzazi chenye kiasi kinachotosha nauli ya rufaa, kitolewe mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kliniki, na zamu ya wanachama kwenda kumpalilia robo tatu ya siku. Na msikubali mtu achukue mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10, akanunulie vitu vya mtoto. Ule ni wa biashara, hauna riba lakini una marejesho, na kikundi kizima kinadaiwa.

Ninyi wafanyabiashara mnaosoma, msidhani nimewaweka kwenye kundi la wabaya. Najua usiku mama anapoumwa ni mlango wenu unaogongwa, si wangu, na mara nyingi mnafungua. Mnaowakopesha mnawajua kwa majina na watoto wao. Naomba mambo mawili. La kwanza, hela ya uzazi muikopeshe kwa hela irudi kwa hela, na faida yenu mliyokubaliana iandikwe, kila mtu abaki na nakala yake. Anayerejesha shilingi 120,000 kwa laki moja atarudi dukani kwenu mwaka kesho kununua mbegu. Aliyenyang'anywa magunia matatu atanunua chumvi tu. La pili, binti anayewauzia duka akipata mimba, akiwa amefanya kazi zaidi ya miezi 6 sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa siku zile zile 84 zenye malipo, na kijana wa ghala mwenye mtoto mchanga ana siku 3 za kuchukua ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Yeye naye anatakiwa awape taarifa miezi mitatu kabla. Wengi wanaficha tumbo kwa kuogopa kufukuzwa, kisha wanaondoka ghafla, na ninyi mnabaki na duka lisilo na mtu. Mwambieni mapema kwamba anaweza kusema.

Kuanzia wiki ijayo, anayetaka kupanga msimu wake pamoja na tarehe ya kujifungua aje ofisi ya kata siku za gulio, asubuhi kabla sijaenda mashambani. Njooni wawili, baba na mama, na kadi ya kliniki, na idadi ya ekari mnazokusudia kulima. Mtendaji wa kata yuko mlango wa pili, kwa wale ambao mtoto ameshazaliwa na siku 90 hazijaisha, au hata zimeisha lakini hajafikisha miaka mitano.